Mume Wangu Anawarudisha Watoto wa Samaki

Mpendwa Mshauri,

Nakusoma kila wiki kwa sababu gazeti lako ndilo tunalofungia visu pale kwenye banda la kuchambulia samaki, na mimi huwa naukunjua kwanza ukurasa wako nausoma mpaka mwisho ndipo nafunga kisu, na leo ni zamu yangu, naomba msaada, tena naomba unijibu haraka maana nina siku tisa tu, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la saba na hapa namnyonyesha mdogo huku naandika kwa mkono mmoja.

Kwanza nikuambie kwamba sina mume mbaya. Naanza na hilo kwa sababu barua nyingi unazopata zinaanza na mume mbaya, nikaona usije ukajiandaa bure. Mume wangu ni baharia kwenye chombo cha uvuvi, kile cha kukokota wavu mkubwa chini kabisa kwenye sakafu ya bahari, wanakaa huko siku tano, sita, wanarudi, anaoga, anamwogesha mkubwa, anambeba mdogo, ananiambia kalale mchana huu mimi nipo. Na akisema yupo, yupo. Chombo wako watu saba na nahodha ni mjomba wake, mdogo wake mama mkwe wangu, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki na ndiye aliyemfundisha kazi. Huko chomboni hawamwiti jina lake, wanamwita Daktari, kwa sababu anavyomshika samaki, kwa mikono miwili, utadhani anampima homa. Mjomba humpigia kelele kutoka juu, "Daktari, mgonjwa ameshakufa, mtie kwenye kreti." Wote wanacheka na yeye anacheka.

Tunaishi vyumba viwili juu ya stoo ya kushonea nyavu. Zamani tulikuwa na kimoja. Hiki cha pili kina dirisha linalotazama gati, na mimi kila nikisimama pale na mtoto begani naona kama maisha yanatufungukia, sijui kulieleza vizuri lakini ndivyo naona.

Sasa nikueleze hii sheria kama ninavyoijua mimi, maana bila hiyo hutanielewa. Zamani, yaani mpaka mwaka juzi, wavu ukipanda wavuvi walichukua samaki wanaowataka, na wale wasiotakiwa, hasa wadogo, walisukumwa kwa koleo wakarudi majini, wengi wao wamekufa, mpaka watu walikuwa wanasema ukitaka kujua chombo kimepita wapi angalia bahari ilipokuwa nyeupe. Ikaja sheria mpya kwamba hakuna kutupa. Chochote kilichopanda na wavu, kama kiko kwenye orodha, kinaletwa gatini, wakubwa kwa wadogo, na wale wadogo walio chini ya kipimo wanatiwa kwenye kreti nyekundu, wanapimwa uzito, nahodha anaandika kwenye daftari la safari wamepatikana wapi, na hawauzwi kuliwa na watu, wanakwenda kiwandani kusagwa kuwa chakula cha kuku. Wapo wachache ambao sheria yenyewe inasema warudishwe upesi wakiwa hai, samaki taa, wale bapa, na papa wale wadogo wa madoadoa, picha zao zimebandikwa ukutani pale bandani, karatasi ile nimeifuta maji mimi mwenyewe mpaka imepauka. Basi wengine wote waletwe. Mimi kazi yangu pale ni kuosha kreti na kusaidia kuchambua.

Yalianzia hapo kwenye kreti. Miezi minne iliyopita, siku moja bomba lilipasuka kule anakoshinda mtoto, wakatuambia kila mtu amchukue wake, nikamleta mkubwa wangu kazini. Ana miaka minne na nusu, ana viatu vya mvua vya njano ambavyo havui hata kukiwa na jua. Nikamkalisha juu ya kreti iliyopinduliwa, nikampa kipande cha mkate, nikaendelea na kazi. Akaona kreti nyekundu zinapakiwa kwenye lori. Akamuuliza dereva.

"Hawa ni watoto?"

"Ndio, wadogo hawa."

"Mama yao yuko wapi?"

"Mama yao kabaki baharini."

"Na hawa wanakwenda wapi?"

"Kusagwa," dereva akasema, mtu wa watu lakini hana watoto.

Mshauri, alilia. Hakulia kwa kelele, alilia kile kilio cha kukata pumzi, mkate mdomoni, mpaka mama wa mizani akaacha mizani yake akaja kuuliza nani amempiga. Nikambeba nikamwambia nyamaza mama, baba akirudi tutamwambia, baba atawarudisha kwa mama yao. Akanyamaza palepale. Mimi nikaona nimefaulu.

Baba yake akarudi siku ya tatu. Hata hajavua koti, mtoto kasimama mbele ya beseni na viatu vyake, "Baba, utawarudisha watoto wa samaki kwa mama yao?" Baba mtu akaniangalia. Na mimi, ndiyo hii inayoniuma, nikamkonyeza. Nikamkonyeza akubali tu, mambo yaishe, mtoto ale. Akasema, "Nitawarudisha." Nikajua yameisha. Nilisahau mume wangu ni mtu wa namna gani.

Kuanzia hapo kila akirudi mtoto anamuuliza, "Wangapi?" na yeye anamjibu, "Wengi." Mimi nasikia, nacheka, nasema mchezo wao. Wakati huohuo kule bandani naona kreti nyekundu za chombo chetu zinakuja nyepesi. Za wenzetu tunazibeba watu wawili, za kwetu nainua peke yangu na mtoto mgongoni. Mama wa mizani akaanza kunitania, "Chombo chenu siku hizi kinavua kwa adabu." Na mjomba, mjomba alifurahi jamani. Alinunua kofia mpya. Alisema siri iko kwenye kuijua bahari, kuna sehemu kajaliwa kuijua yeye, nje ya boya la pili, hakuna samaki wadogo kabisa, na kwa kuwa si mtu wa choyo akawaelekeza manahodha wengine. Wakaenda vyombo viwili. Wakarudi wamefura, kreti nyekundu zimejaa mpaka mlangoni, nahodha mmoja akamwambia mbele ya watu, "Umetupeleka chekechea." Mjomba akajibu, "Hamjui kuvua." Mama wa mizani aliniambia pia kwamba wale wa ofisi ya uvuvi walikuwa wanafikiria kuifunga sehemu ile kwa miezi kadhaa ili samaki wakue, lakini walipotazama daftari za mjomba, ambaye ndiye anayekwenda huko kuliko wote, wakaona hakuna wadogo, wakaiacha wazi.

Hata hapo mimi sijaunganisha. Mpaka Jumapili iliyopita, mjomba amekuja kula kwetu mchana, kaweka kofia yake mpya juu ya meza, mtoto akampandia magotini akamwambia, "Babu, baba anawarudisha watoto kwa mama yao. Safari hii wengi sana." Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Si Daktari huyo," akasema, akamvisha kofia. Lakini mume wangu hakucheka. Aliinamia chai yake kana kwamba kijiko kimezamia humo. Hapo nikazikumbuka kreti.

Mjomba alipoondoka nikamuuliza, tunakunja nepi. Hakuficha. Akaniambia wavu ukimwagwa, wenzake wanashughulika kuushusha tena, yeye anabaki peke yake kwenye meza ya kuchambulia kama robo saa, na pembeni kuna tundu la kutolea maji. Wale wadogo wasiohema anawatia kwenye kreti kama sheria inavyosema. Wale wanaohema anawapitisha kwenye tundu, mmoja mmoja, kwa mkono. "Siwezi kumtia kwenye kreti akiwa anahema halafu nirudi nyumbani niulizwe wangapi," akasema. Nikamuuliza na mjomba je. Akasema mjomba hajui, mjomba anajua kusoma bahari. Halafu akachukua nepi nyingine, akasema kama anajisemea, "Ndege wameshaijua zamu yangu." Sikumwelewa, nikadhani amechoka.

Sasa, Mshauri, wamemwandikia mjomba barua. Ofisi inasema kreti zake hazilingani na za wenzake kwenye sehemu ileile, kwa hiyo safari ijayo atapanda mwangalizi, atakaa nao siku zote na kuandika kila kinachopanda. Chombo kwa sasa kimepandishwa juu, nchi kavu, kinapakwa rangi, kinashuka Alhamisi ya wiki ijayo, ndizo hizo siku tisa. Mjomba haogopi hata kidogo, anasema aje, ajifunze. Na mimi ndiye nisiyelala mchana tena. Kwa sababu mwangalizi akiwepo mume wangu hatatupa, kreti zitajaa, na wataona kwamba safari zote za nyuma daftari lilidanganya, na lililoandikwa kwenye daftari ni jina la mjomba, si la Daktari. Wanaweza kumnyang'anya kibali. Mzee wa watu, na kofia yake.

Mume wangu anasema ataacha kazi kabla ya Alhamisi, atafute kibarua cha kubeba mizigo gatini, yaishe. Lakini anaipenda bahari, namwona anavyosimama dirishani. Mimi nimefikiria niende kwa mjomba mwenyewe, nimlilie, niseme ni mimi niliyekonyeza. Au tunyamaze tuombe heri. Au nimtume mtoto aseme tena, safari hii mjomba atasikia. Na mtoto naye, nitamwambia nini, kwamba baba sasa anawapeleka kusagwa?

Nakuomba usimwite mume wangu mwizi. Najua tutavuka hili, sijui tu tunavukia wapi.

Ni mimi,
Mama wa Viatu vya Njano

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Viatu vya Njano,

Simwiti mwizi. Barua za waume wezi ninazo kwenye sanduku, nikikuletea moja utambusu wako ukiwa unaisoma. Lakini kuwa na mume mzuri hakukuzuii kuwa na tatizo baya, na hili mmelitengeneza wawili, mmoja kwa jicho na mwingine kwa mkono. Barua yako ilinifikia Jumatano. Leo umebakiwa na siku tano, kwa hiyo sitazunguka.

Kabla ya kukujibu nilishuka kwa jirani yangu, fundi wa nyavu aliyestaafu, nikamsomea barua yako bila kutaja mahali. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka pale kwenye kofia kama alivyocheka mjomba, halafu akaacha kucheka. Aliniambia jambo ambalo nadhani mumeo analijua tayari. Samaki akivutwa kutoka chini kule, upesi hivyo, hewa iliyo ndani ya tumbo lake inavimba. Anaweza kuhema. Anaweza hata kupiga mkia. Ukimrudisha majini hawezi kushuka, anabaki juu ubavu ubavu kama ganda la ndizi. Na nani anasubiri juu? Umeliandika wewe mwenyewe ukalipita: ndege wameshaijua zamu yake. Hakuwa amechoka, mwanangu. Alikuwa anakuungamia. Miezi minne anawapitisha kwenye lile tundu mmoja mmoja, kwa upole wake wote, na miezi minne anaona wanakokwenda, kisha anarudi nyumbani kumwambia binti yake "wengi". Hebu mwonee huruma kwa hilo kwanza, kisha tuendelee.

Mnadhani sheria hii iliandikwa na watu wasio na roho, wanaopenda kuona watoto wa samaki wakisagwa. Si hivyo. Kreti nyekundu inatakiwa iwe nzito. Inatakiwa iwaumize mgongo, ijaze nafasi, imkere nahodha mpaka aseme hapa sirudi, au abadilishe wavu. Na ule uzito ukifika mizanini unawaambia wale wa ofisi kwamba mahali fulani kuna samaki wanaokua, pafungwe kwa muda. Samaki hana njia nyingine ya kusema "tuko hapa, bado wadogo". Mumeo amewanyamazisha. Kwa sababu ya wale aliowapitisha tunduni, sehemu iliyokuwa karibu kufungwa imeachwa wazi, na vyombo viwili vingine vikaenda huko kwa maelekezo ya mjomba mwenye kofia mpya. Ukitaka kujua amewaokoa wangapi, sitakuambia. Utamwona usoni.

Sasa haya unayouliza. Uende wewe kwa mjomba ukamlilie? Hapana. Machozi yako yatamfanya mjomba akubembeleze wewe badala ya kumsikiliza mumeo. Mtoto atumwe tena? Aibu, mama. Mtoto ameshasema kweli mezani mara moja, watu wazima watatu wakamvisha kofia. Hana deni nanyi. Mnyamaze? Mkinyamaza, Alhamisi mzee atapanda chomboni kifua mbele na kushuka akiwa ameinama, mbele ya wale aliowaambia hawajui kuvua, na hatajua kwa nini. Mtu aliyemlea mumeo asifanyiwe hivyo. Na huko kuacha kazi ni kukimbia kwa miguu ya mtu mzima. Atabeba mizigo gatini na kila chombo kikitoka atageuza uso. Usikubali.

Atasema mumeo mwenyewe, kwa mdomo wake, kesho. Asiseme kwako mezani, mbele ya chakula na watoto, maana mjomba atalazimika kujizuia, na hasira iliyozuiwa inakaa. Aende pale chombo kinapopakwa rangi, wawili peke yao, asimame chini ya chombo na kusema: "Mjomba, nje ya boya la pili kuna watoto. Nilikuwa nawatupa mimi." Asianze na mtoto wala viatu vya njano, na wewe na jicho lako msitajwe mpaka aulizwe. Mjomba atapiga kelele. Amwache apige. Atasema amemdhalilisha, na ni kweli. Pengine atakaa kimya, na hapo mumeo akae naye palepale hata kama ni saa nzima, ashike brashi apake rangi.

Jumatatu asubuhi waende wote wawili ofisi ya uvuvi, kabla mwangalizi hajapanda. Mumeo aeleze safari ngapi, zamu ipi, tundu lipi, na kwa kukadiria alipitisha kiasi gani kila wavu ulipomwagwa. Anajua, mkono unakumbuka. Daftari lirekebishwe na jina lake liandikwe penye kosa lake. Sikuahidi kwamba watampigia makofi. Anaweza kusimamishwa safari moja au mbili, anaweza kupata adhabu, na mjomba naye ataulizwa kwa nini hakutazama meza yake, jambo ambalo nahodha alipaswa kulifanya badala ya kununua kofia. Lakini ofisi yoyote inajua tofauti kati ya mtu aliyekuja mwenyewe na mtu aliyekutwa. Tena habari mnayowapelekea wanaihitaji. Sehemu ile inaweza bado kufungwa msimu huu, na hao ndio watoto ambao mumeo atakuwa amewarudisha kwa mama yao kwelikweli, bila kuwagusa.

Jirani yangu anasema hivi, na mimi nayachukua maneno yake kama yalivyo: chombo kikiwa juu ndio wakati wa kushughulikia wavu. Mjomba aulize kuhusu kipande cha macho mapana, yaani matundu makubwa, kinachoshonwa upande wa juu wa wavu, karibu na mwisho wake. Wadogo wanapita hapo kukiwa bado ni chini kabisa, tumbo halijavimba, ndege hawajui. Wakubwa wanabaki. Kazi ya siku mbili kwa mshonaji mzuri, na nyie mnalala juu ya stoo yao. Mzee anayependa kuitwa fundi apewe nafasi ya kuwa fundi. Nakuhakikishia ataanza kuwafundisha manahodha wengine kabla rangi haijakauka.

Nimekuachia mtoto mwisho kwa sababu ndiye unayemwogopa zaidi, zaidi hata ya ofisi. Usimwogope. Mtoto anayemuuliza dereva wa lori maswali matatu yaliyonyooka anaweza kupewa jibu moja lililonyooka. Kipande kile kikishashonwa, shukeni naye stoo, nyote wanne. Apitishe mkono wake kwenye lile jicho pana mpaka begani. Baba yake amwambie kwamba alikosea, kwamba wale aliokuwa anawarudisha walikuwa wameshaumia, na mama naye alikosea kwa sababu alisema kitu asichokijua ili yeye mtoto anyamaze. Amwambie huu ndio mlango, wanatoka wenyewe kabla hawajaumia, na watakaoshindwa kutoka watakwenda na lori, na baba hapendi lakini ataandika kila mmoja. Atalia kidogo. Atauliza kama kuku wanajua. Jibuni mnachokijua.

Kisha mpeleke bandani mbele ya ile karatasi uliyoifuta mpaka imepauka. Mwonyeshe taa na yule papa wa madoadoa. Hao sheria inamtaka baba yake awashike kwa mikono miwili na kuwarudisha upesi, kwa sababu hao ni wagumu, wanashuka, wanaishi. Huko mumeo anaruhusiwa kuwa Daktari kadiri anavyotaka, na mwangalizi akitazama.

Safari yake ya kwanza baada ya haya, mtoto atasimama mbele ya beseni na viatu vyake atauliza wangapi. Safari hiyo mumeo asiseme "wengi". Aseme hesabu yenyewe, wanne, wawili, hata kama ni taa mmoja tu wa siku sita, aseme mmoja.

Atakuangalia wewe kabla ya kujibu, kwa mazoea. Usikonyeze.